Mgeni Aliyewafundisha Wenyeji Kuimba

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Ni methali ninayoiheshimu, ila naona imetumiwa kupita kiasi na watu wenye nia ya kuwafungia wenzao mlango. Kila kijana wa bara anapotunga shairi la Kiswahili, hakosekani mzee wa kumuuliza kwao ni wapi na ni nani aliyempa ruhusa ya kulivaa joho lisilo lake. Ubishi huo tumeusoma kwa miaka mingi na sina haja ya kuufufua wote leo. Ninalotaka ni kumleta shahidi mmoja kutoka mbali, mtu ambaye hakujua lolote juu ya ugomvi wetu, lakini maisha yake yaliipindua methali hiyo juu chini. Alizaliwa Uholanzi, akawaimbia Waswidi, na hadi siku anafukiwa ardhini hakuwa raia wa nchi iliyomlilia.

Mtu huyo ni Cornelis Vreeswijk. Waswidi hawajisumbui kulitaja jina la ukoo wake, ambalo hata ndimi zao hulipata kwa shida. Humwita Cornelis tu, kama mtu amwitavyo jirani wa ukuta mmoja.

Alizaliwa tarehe 8 Agosti 1937 katika mji wa IJmuiden, pale ambapo mfereji mkuu utokao Amsterdam hukutana na Bahari ya Kaskazini. Ni mji wa wavuvi, wa meli na wa kiwanda kikubwa cha chuma. Hakuwa ametimiza miaka mitatu majeshi ya Ujerumani yalipoivamia nchi yao mwezi wa Mei 1940. Kwa kuwa mji huo ulikuwa mlango wa bahari, Wajerumani waliugeuza kuwa ngome na sehemu yake kubwa ikabomolewa. Kisha yakaja majira ya baridi ya 1944 na 1945, ambayo Waholanzi huyaita baridi ya njaa, wakati ambapo watu wa miji ya magharibi walifikia hali ya kula vitunguu vya maua ya tulip. Mtoto aliyekua katika hali hiyo hawezi kuiamini kwa urahisi ahadi ya mkubwa yeyote kwamba mambo yote yamekwisha kupangwa vyema. Sidai kwamba njaa humfanya mtu kuwa mshairi, maana wenye njaa ni wengi na washairi ni wachache, lakini kila nizifikiriapo nyimbo zake naiona njaa ile mlangoni.

Mwaka 1949, Cornelis akiwa na umri wa miaka 12, wazazi wake walihamia Uswidi. Walifikia Ekerö, kisiwa kilicho katika ziwa Mälaren, magharibi mwa Stockholm. Tafakari, msomaji, mabadiliko hayo. Uswidi haikuwa imepigana vita ile. Madaraja yake yalikuwa yamesimama, madirisha yake yalikuwa na vioo, na serikali yake ilikuwa ikijenga kile walichokiita nyumba ya watu, yaani taifa ambalo hakuna mwananchi atakayekosa paa, tabibu wala pensheni. Mtoto wa Kiholanzi aliingia katika nyumba hiyo kama mgeni, akakaa karibu na mlango, akaanza kujifunza lugha ya wenyeji neno kwa neno.

Hilo ndilo jambo ambalo wanaojivunia lugha ya mama huwa hawalifikirii. Anayezaliwa ndani ya lugha huipokea kama maji ya mtungini, asijue kisima kilipo. Anayejifunza akiwa na miaka 12 huteka mwenyewe. Hulipima kila neno uzito, huligeuza, huliuliza lilikotoka na linaweza kubeba nini. Wakati wenzake wanasema kwa mazoea, yeye husema kwa kuchagua. Nadhani hapo ndipo ulipozaliwa ule ufundi wa Cornelis wa kulishika neno la kawaida la Kiswidi na kulifanya lisikike kana kwamba halijawahi kutamkwa na mtu.

Gitaa alijifunza mwenyewe, katika miaka ya 1950, kwa kuziiga santuri. Walimu wake hawakuwa Waswidi. Walikuwa Wamarekani weusi wawili, Josh White na Lead Belly, watu waliozibeba nyimbo za mashamba na magereza ya Kusini mwa Marekani hadi katika kumbi za New York. Baadaye akaja kumpenda Georges Brassens wa Ufaransa, mtunzi aliyekuwa hodari wa kumkejeli hakimu na polisi kwa vina vilivyonyooka kama uzi wa fundi. Kwa hiyo ukitaka kuutaja ukoo wa kisanaa wa mtu huyu, yakupasa kuzitaja Louisiana na Paris kabla ya kuifikia Stockholm. Wapenda asili safi na wajikune vichwa.

Alipomaliza shule alikwenda baharini na akawa baharia kwa miaka kadhaa. Aliporudi nchi kavu alifanya kazi mbalimbali, mojawapo ikiwa kuwahudumia wagonjwa katika hospitali ya maradhi ya akili, kisha akaingia chuoni Stockholm kusomea kazi za ustawi wa jamii. Alikuwa na nia ya kuwa mwandishi wa magazeti. Lakini wanafunzi wenziwe walikwisha kumgundua. Katika sherehe zao alikuwa akisimama na gitaa lake, mwili mkubwa na sauti nzito, akaimba mambo ambayo watu wazima huyanong'ona. Uandishi wa magazeti ukapotea njiani.

Santuri yake ndefu ya kwanza ilitoka mwaka 1964. Jina lake lilikuwa *Ballader och oförskämdheter*, nasi twaweza kuliita Tenzi na Ufidhuli, na humo katika jina hilo mtu huyu amejieleza mwenyewe. Ilipendwa mara moja. Mwaka 1965 alirekodi kwa Kiswidi wimbo wa kuchekesha wa Mmarekani Allan Sherman, ambao ni barua ya mtoto aliyepelekwa kambini wakati wa likizo. Cornelis aliutafsiri kwa namna ambayo watoto wa Uswidi waliuchukua kuwa wao, na kizazi baada ya kizazi wakaukariri pasipo kujua kwamba chimbuko lake ni Marekani na mkalimani wake ni Mholanzi. Mwaka 1966 ikatoka *Grimascher och telegram*, santuri ambayo wengi wa wajuzi huiweka miongoni mwa kazi zake bora kabisa.

Hapa inafaa nieleze alichokifanya, maana umashuhuri pekee si hoja. Waswidi walikuwa na utamaduni wa zamani wa uimbaji wa mashairi, mtu mmoja na ala yake. Katika karne ya 20 utamaduni huo ulikuwa na mfalme wake, Evert Taube, mzaliwa wa 1890, aliyeimba juu ya mabaharia, maua ya kiangazi na wasichana wa Argentina. Taube alikuwa fundi mkubwa, na Cornelis alimheshimu hata akamtolea santuri nzima mwaka 1969. Lakini kwa wafuasi wengi uimbaji huo ulikuwa umegeuka kitu cha sebuleni, sauti laini na maneno yasiyomkera mwenye nyumba. Cornelis aliingia sebuleni na viatu vya matope. Akaleta mdundo wa blues, akaleta lugha ya mtaani, na akawaleta watu ambao hawakuwa wakialikwa.

Miongoni mwa watu hao mashuhuri zaidi ni Pär, mhusika aliyemrudia katika nyimbo kadhaa. Pär ni maskini mnywaji, mzungumzaji hodari, ambaye humwona mtu njiani na kumwita rafiki kabla ya kumwomba fedha. Katika wimbo mmoja Pär anakwenda katika ofisi ya ustawi wa jamii. Kumbuka kwamba mtunzi alisomea kazi ya kuketi upande wa pili wa meza ileile. Alizijua fomu, aliujua ukarimu wenye masharti, aliijua ile sauti ya afisa mwema anayemsemesha mtu mzima kama mtoto. Hakumfanya afisa kuwa shetani wala hakumfanya Pär kuwa malaika. Pär ni mwongo na ni mvivu, nasi twampenda, na tunaona haya kwamba twampenda akiwa ndani ya wimbo ilhali tukimkuta barabarani tutavuka upande wa pili. Kadhalika uko wimbo wake juu ya wale ambao viatu vyao vimetoboka, ambao hauna kelele ya siasa hata kidogo, bali huuliza tu kwa upole mambo yalikwendaje hata yakawa hivi. Katika nchi iliyojitangaza kuwa imekwisha kuumaliza umaskini, swali la upole liliuma kuliko tusi.

Si ajabu basi kwamba redio haikumfurahia. Redio ya Uswidi wakati huo ilikuwa moja tu kwa taifa zima, na nyimbo zake kadhaa za miaka ya 1960 zilifungiwa milango, nyingine kwa ajili ya ufasiki, nyingine kwa ajili ya dharau. Sisi tuliolelewa na redio moja ya serikali hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Wala hatuhitaji kuambiwa kwamba wimbo uliokatazwa hewani husafiri kwa miguu, tena kwa haraka.

Kituo chake kikuu siku hizo kilikuwa Mosebacke, juu ya kilima cha Södermalm mjini Stockholm. Hapo aliimba na Fred Åkerström, aliyezaliwa mwaka mmoja naye, na Ann-Louise Hanson. Urafiki wa Cornelis na Fred ulikuwa wa fahali wawili katika zizi moja. Katika wimbo wake juu ya msichana Cecilia Lind, mmojawapo wa nyimbo zinazopendwa mno, mwanamume anayecheza dansi na msichana huyo amepewa jina linalokaribiana sana na la Fred. Ni utani wa marafiki. Lakini utani uliisha na marafiki wakafarakana. Åkerström alifariki mwaka 1985, na wapenzi wa muziki huo wangali wakibishana ni nani kati yao aliyemwelewa vizuri zaidi Bellman.

Bellman huyo ndiye ufunguo. Carl Michael Bellman aliishi Stockholm kutoka 1740 hadi 1795, na kitabu chake cha nyimbo 82, kilichochapishwa mwaka 1790, ndicho msahafu wa uimbaji wa Kiswidi. Wahusika wake ni walevi, wanamuziki wenye kifua kikuu, malaya mrembo aitwaye Ulla Winblad, na fundi saa aliyeharibikiwa ambaye hana saa wala duka. Kifo huketi nao mezani na kuagiza kinywaji. Mfalme Gustav III alimpenda Bellman na kumfadhili, lakini baada ya mfalme huyo kuuawa mwaka 1792, mtunzi wetu hakukawia kufungwa jela kwa ajili ya madeni. Hayo ndiyo maisha yaliyozizaa nyimbo hizo. Ila miaka 150 baadaye zilikuwa zikiimbwa na wanakwaya waliovaa tai nyeusi, kana kwamba ulevi wa karne ya 18 ulinukia marashi.

Mwaka 1971 Cornelis alitoa santuri ya nyimbo za Bellman, na mwaka 1977 akatoa nyingine. Alimvua Bellman ile tai. Aliimba kwa sauti ya mtu aliyekesha, akairudisha baa ndani ya nyimbo na kukirudisha kifo mezani. Wataalamu wetu husema Muyaka wa Mombasa ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Cornelis alifanya jambo linalokaribiana na hilo kwa namna ya kurudisha: alilichukua shairi lililozaliwa sokoni, likatekwa na waungwana, akalirejesha kwao. Na aliyeifanya kazi hiyo, juu ya mtunzi mtakatifu kuliko wote wa taifa lile, alikuwa mtu mwenye pasi ya Uholanzi. Nawauliza wazee wetu walinda malango: ni mwenyeji gani aliyekuwa na masikio ya kusikia kwamba Bellman alikuwa amefungwa?

Hakuishia Ulaya ya kaskazini. Mwaka 1968 alicheza katika filamu iliyopigwa Brazil, na muziki wa huko ukamwingia, hata wimbo mmoja wa samba wa Chico Buarque akaugeuza kuwa wa Kiswidi kwa maneno yake mwenyewe. Mwaka 1978 alitoa santuri ya nyimbo za Victor Jara, mwimbaji wa Chile aliyeuawa na askari mjini Santiago mwezi wa Septemba 1973 baada ya mapinduzi. Wengine waliimba nyimbo za Jara ili waonekane ni wanamapinduzi. Cornelis, kwa maoni yangu, aliziimba kama mtu anayemzika mwenzake wa kazi.

Je, kwao Uholanzi? Huko kwanza hawakumjua. Alianza kuimba kwa Kiholanzi akiwa tayari mtu mkubwa Uswidi, na mafanikio yakamjia mwaka 1972 kwa santuri yenye jina lake na kwa kisa cha kuchekesha na kuhuzunisha cha kijana mhuni aliyempenda mtawa. Kwa kitambo Waholanzi walimshangilia kama mwana aliyepotea. Akarekodi santuri nyingine za lugha hiyo, lakini hakurudi kuishi. Kiholanzi alichoondoka nacho kilikuwa cha mtoto wa miaka 12 aliyetoka katika mji uliobomolewa, na nyumba ya aina hiyo mtu huizuru tu.

Sasa nifike mahali ambapo waandishi wengi wa wasifu hupita mbio au hukaa mno. Cornelis alikunywa pombe kupita kiasi. Alioa mara tatu na ndoa hizo hazikudumu. Madeni yalimwandama mwaka hadi mwaka, magazeti yakaishi kwa visa vyake. Wako wanaopenda kusema kwamba mateso hayo ndiyo yaliyozizaa nyimbo. Siamini. Nyimbo zilizaliwa na kazi, na kazi yenyewe inaonekana katika kila mstari: mizani haichechemei, kina hakilazimishwi. Mlevi hawezi kuandika hivyo akiwa amelewa. Pombe haikumpa chochote ambacho hakuwa nacho; ilimpunguzia tu miaka. Watu walipenda kumwona akiwa fidhuli na mlevi, wakamnunulia glasi nyingine, kisha wakasikitika magazetini kwamba anajiangamiza. Katika hilo nchi iliyompenda haiwezi kunawa mikono.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 watu walianza kumsahau. Muziki ulikuwa umebadilika na gitaa la mbao lilionekana kuwa kitu cha wazee. Kisha, katika miaka yake ya mwisho, kalamu ikamrudia kwa nguvu. Mwaka 1985 ilitoka santuri juu ya mtu aliyeipenda miti, mwaka 1986 nyingine ambayo jina lake, kwa maana yetu, ni Saa ya Mwisho, na mwaka 1987 akatoa *Till Fatumeh*, yaani Kwa Fatumeh. Zisikilizwe kwa utaratibu huo. Sauti imekwaruzika, mzaha umepungua, na mtu aliyezoea kuwakejeli wengine anazungumza kwa upole na mauti.

Alikuwa akiugua saratani ya ini. Alifariki mjini Stockholm tarehe 12 Novemba 1987, akiwa na umri wa miaka 50 na miezi mitatu. Alizikwa katika makaburi ya kanisa la Katarina, kwenye kilima kilekile cha Södermalm, hatua chache kutoka Mosebacke alikokuwa akiimba. Bustani moja ya eneo hilo ilipewa jina lake la kwanza. Wapenzi wake wakaanzisha chama cha kuzihifadhi kazi zake na kuwatuza waimbaji wanaoifuata njia hiyo. Heshima zote hizo zilimwendea mtu ambaye hakupata kuomba uraia wala kuupewa. Iwapo ilikuwa ni kiburi, uvivu wa kujaza fomu au uaminifu kwa mji wa utotoni, kila mtu na aamue. Mimi hupenda kudhani kwamba aliyewahi kusomea ustawi wa jamii alikuwa amezichoka fomu.

Mwaka 2010 mwongozaji Amir Chamdin alitengeneza filamu juu ya maisha yake. Ilipotafutwa sura ya kumwigiza Cornelis, kati ya waigizaji wote wa Uswidi, kazi ilimwendea mwanamuziki wa rock kutoka Norwe aliyejulikana kwa jina la Hank von Helvete. Hivyo Mnorwe alimwigiza Mholanzi mbele ya Waswidi, kwa Kiswidi. Nyimbo zenyewe zilikuwa na mrithi mwingine karibu zaidi, mwanawe Jack, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1964 ilipotoka ile santuri ya kwanza. Naye amekuwa mwimbaji, na huziimba nyimbo za babake pamoja na zake, katika lugha ambayo yeye hakulazimika kujifunza.